Jumamosi ya kuzurura Matema na rafiki yako: namna ya kwenda, kula na kurudi na chungu kizima

Sisi watu wa Mbeya tuna ugonjwa mmoja, mtu akitaja ufukwe tu tunawaza Dar, tunawaza Bagamoyo, tunaanza kupiga hesabu ya basi la usiku na miguu kuvimba, wakati hapa chini kwetu kuna mchanga, kuna maji hayaonyeshi mwisho, kuna mitumbwi, na historia imelala tu pale haina hata mlinzi. Naongelea Matema, wilaya ya Kyela, kichwani kabisa mwa Ziwa Nyasa. Mi nimeenda mara nne. Mara tatu nilienda na shoga yangu tuliyesoma naye chuo ambaye sa hivi anaishi Iringa, na mara moja tulienda watu kumi na moja kwenye Noah mbili, na hiyo ya kumi na moja sirudii tena maishani, yani nusu ya siku tulikuwa tunasubiriana chooni na nusu nyingine tunachangishana hela ya mkaa.

Kwahiyo mwongozo huu ni wa watu wawili. Ukitaka kupeleka kamati ya harusi tafuta mwongozo mwingine.

Hatua ya 1: shika Jumamosi, afu panga kila kitu kuizunguka

Jumamosi ndo siku ya soko la vyungu pale Lyulilo, kijiji kilichopo pembeni ya Matema, na bila hilo soko umeenda kuona maji tu (ambayo nayo ni mazuri sikatai). Sasa kosa la wengi ni kutoka Mbeya Jumamosi alfajiri na kutaka kurudi Jumamosi hiyohiyo. Inawezekana, ila ukiwa na gari lako ni kama masaa matatu kwenda na matatu kurudi, na kwa magari ya abiria weka manne mpaka matano maana yanasimama kila penye mkungu wa ndizi. Hapo utakuwa umeenda kupumzika ukarudi umechoka kuliko ulivyoondoka. Ondoka Ijumaa mchana, lala, Jumamosi nzima iwe yenu, Jumapili asubuhi panda gari urudi. Mtu wa Iringa inabidi aanze Alhamisi jioni au Ijumaa alfajiri, shoga yangu huwa analala kwangu Uyole tunapiga stori mpaka saa saba usiku na Ijumaa tunaondoka macho mekundu.

Miezi mizuri ni kuanzia Juni mpaka Oktoba. Machi mpaka Mei usijaribu, Kyela mvua yake sio ya mchezo, mito inafurika na matope yanakula viatu. Ila mkiweza Juni au Julai ujue kuna upepo wa kusini unaopandisha mawimbi, asubuhi maji yametulia kama kwenye beseni na mchana yanakuwa kitu kingine kabisa.

Hatua ya 2: fungasha kwa ajili ya nchi mbili

Hapa sitanii. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko chini ya mita 500. Ukiondoka Uyole mwezi wa saba umevaa sweta, kofia na soksi mbili. Ukifika Tukuyu kuna kamvua kale kasikoisha. Ukianza kushuka kuelekea Kyela unavua kofia, afu sweta, afu unafungua dirisha, afu mtu wa siti ya nyuma anakwambia dada funga vumbi linaingia, na unafika Matema umebaki na fulana inakuganda mgongoni na lile begi lote la nguo nzito unalitumia kama mto. Kwahiyo:

- sweta moja tu na kanga mbili kila mtu (kanga ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, na baadae itafunga chungu)
- kandambili
- dawa ya mbu na nguo ya mikono mirefu ya jioni, Kyela malaria ipo ya kutosha, sisi wa baridini ndo huwa inatushika vizuri
- tochi au simu yenye chaji na pawabenki
- noti ndogondogo, elfu moja moja na elfu mbili mbili, maana ukimpa mama wa sokoni noti ya elfu kumi asubuhi mtaanza kuzunguka wote kutafuta chenji
- beseni la plastiki la ukubwa wa kati. Utanicheka sa hivi ila utanishukuru hatua ya mwisho

Hatua ya 3: njiani

Koasta za Tukuyu na Kyela mnapata stendi ya Nane Nane. Uliza konda mapema kama gari linaingia Ipinda au linaishia Kyela mjini. Kama linaenda Kyela mjini mnashuka Kikusya, hapo kwenye njia panda, mnasubiri gari la Ipinda na Matema. Ile barabara ya Kikusya, Ipinda mpaka Matema ni kama kilomita 39 na sa hivi ina lami. Wa zamani watakusimulia ilivyokuwa kabla, wanavyosimulia utadhani walikuwa wanavuka jangwa.

Mkiwa na gari lenu simameni Tukuyu nusu saa, sio zaidi. Kunyweni chai, nunueni maparachichi na ndizi mbivu, afu mwangalie lile boma la Wajerumani ambalo mpaka leo ni ofisi za serikali. Mji huo Wajerumani waliuita Neu Langenburg, yani Langenburg mpya, na swali la kujiuliza ni ile ya zamani ilikuwa wapi. Ilikuwa ziwani huko mnakokwenda, kwenye mwambao wa kaskazini mashariki, ndo palikuwa makao yao ya kwanza ya utawala kabla hawajapandisha mizigo milimani kwenye ubaridi. Mi huwa nawaelewa. Mtu aliyetoka Ulaya ukimkalisha kwenye lile joto na wale mbu lazima atatafuta mlima.

Baada ya Tukuyu ni kushuka tu. Chai inaisha, migomba inazidi, afu inaanza minazi... hapana, michikichi, mawese ya Kyela yanatoka hapo, msije mkabishana garini kama sisi. Pembeni ya barabara mtaona kakao imeanikwa kwenye mikeka na mashamba ya mpunga. Mchele wa Kyela mnaoununua kwa kujivunia mjini ndo huo umesimama kwenye maji hapo. Kama mna nafasi nunueni wakati wa kurudi, sio kwenda, msiubebe mkienda nao kuoga ziwani.

Hatua ya 4: Ijumaa jioni, agiza chakula kabla hujavua viatu

Sehemu za kulala zipo za kila mfuko, kuna gesti za kawaida kijijini, kuna vituo vya kanisa la Kilutheri na kuna lodji za ufukweni za bei ya juu kidogo. Bei siandiki maana zinabadilika, piga simu kabla, hasa Pasaka na mwisho wa mwaka. Kitu cha kuangalia kwenye chumba ni chandarua, kitandike utazame juu kwenye mwanga uone matobo. Feni ikiwepo ni baraka.

Afu mkishaweka mabegi tu, nendeni jikoni mkaagize. Matema sio mjini, samaki hayupo kwenye friji anakusubiri, ukiagiza saa mbili usiku unakula saa nne, na mwenye njaa wa pili ndo anaanza kukununia wewe kana kwamba ndo umemficha samaki. Ulizeni mbasa. Mbasa ndo mfalme wa ziwa hili, mrefu, mnofu wake mtamu, ila ana vimiba vidogovidogo vingi kwahiyo stori zisimame kwanza mkila. Akikosekana chukueni perege, na dagaa wa Nyasa waliokaangwa wawe pembeni. Na wali, jamani, mpo Kyela, msiagize chipsi.

Giza likiingia kaeni mchangani mwangalie ziwani. Mtaona taa zinaanza kuwaka moja moja huko mbali, wavuvi wa dagaa hao, mwisho zinakuwa nyingi kama mtaa. Mara ya kwanza shoga yangu alibisha kwamba ule ni mji wa Malawi. Malawi ipo kweli upande wa pili, na wenyewe ziwa wanaliita Ziwa Malawi na mjadala wa mpaka haujaisha mpaka leo, ila mji hauwezi kusogea kushoto ndugu yangu.

Hatua ya 5: Jumamosi asubuhi, Lyulilo

Amkeni mapema, saa moja muwe mnatembea. Kutoka Matema mnafuata ufukwe kuelekea milimani, maji yawe mkono wenu wa kulia, ni mwendo wa kama nusu saa ukitembea kivivu. Mbele yenu ule ukuta wa milima ya Livingstone unazidi kuwa mkubwa mpaka unaona unaingia majini mzimamzima. Na kweli unaingia, huku ni Bonde la Ufa, mlima unavyoshuka juu ndivyo unavyoendelea kushuka chini ya maji, ziwa hili sehemu yenye kina kikubwa linafika kama mita 700. Mchanga unaishia hapo Lyulilo, yanaanza mawe.

Mkikutana na watu wazima njiani salimieni. Shikamoo inatosha, ila ukimrushia mzee wa Kinyakyusa "mugonile" na ukimaliza maongezi ukasema "ndaga fijo", siku yako inabadilika, mi niliwahi kupewa papai zima kwa sababu ya ndaga fijo moja. Lyulilo wengi ni Wakisi na lugha yao ni nyingine, hapo rudini kwenye Kiswahili chenu, wasije wakadhani mnawatania.

Sasa vyungu. Wanaofinyanga ni akina mama wa Kikisi, wengi wanatoka Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji ambako hakuna barabara, unaenda kwa mguu au kwa mtumbwi. Kwahiyo vyungu vinakuja sokoni kwa mtumbwi, vimepangwa vimoja ndani ya vingine na majani katikati, na wanavyovishusha ni kama wanapokezana watoto wachanga. Hawatumii gurudumu wala mashine, ni mikono, udongo, maji na jicho. Mama anafinyanga, anakwangua mpaka ukuta wa chungu unakuwa mwembamba, anasugua, anapaka rangi nyekundu ya udongo na mistari ya weupe, afu vinachomwa kwenye moto wa wazi. Vyungu hivi vinapanda mpaka Mbeya na mbali zaidi, inawezekana hata cha bibi yako kilitoka hapahapa.

Namna ya kuchagua, nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa amechoka kuniona nachagua kwa rangi:

Kwanza kishike kwa mikono miwili, usikishike mdomoni kwa mkono mmoja, mama akiona hivyo tu bei inapanda maana ameshajua we wa mjini. Kiweke juu ya kiganja cha kushoto. Kunja kidole cha kulia ukibishe kwa kifundo, taratibu, ubavuni. Kizima kinalia *ngeee*, sauti inakaa kidogo hewani. Chenye ufa kinajibu *pwa*, kama umebisha gogo bovu. Bisha sehemu tatu, ubavu huu, ubavu huu na chini. Afu kiinue kwenye jua utazame ndani kama kuna mwanga unapenya. Mwisho omba maji, mimina, subiri dakika mbili tatu huku mnaongea habari za watoto, pitisha kidole kwa chini. Unyevunyevu wa jasho sio tatizo, chungu kipya huwa kinatoa jasho, ila tone linalodondoka hapana.

Yule mama nilimuuliza, "Mama, hiki chenye doa jeusi kiliungua?" Akacheka, akasema, "Mwanangu, moto ulikibusu hapo." Nikakichukua hichohicho. Doa jeusi sio ubovu, linatokea pale moto au kuni zilipogusa.

Kupatana bei kupo, ila tumieni aibu kidogo. Mtu kachimba udongo, kafinyanga, kachoma, kapiga kasia, afu we unamkatia bei ya soda. Mi huwa napunguziwa nikinunua viwili vitatu kwa mtu mmoja, na hapo tunamaliza tunacheka wote. Na ukitaka kupiga picha omba kwanza, sio unamwekea mtu simu usoni kama kamera ya trafiki.

Kwenda Ikombe kwenyewe kuona wanavyofinyanga ni jambo zuri ila lifanyeni asubuhi ile maji yakiwa yametulia, patana bei na mwenye mtumbwi kabla ya kupanda, kwenda NA kurudi, useme hivyo kwa sauti, na kama hana jaketi la kuokolea maisha mwambieni asante kaka siku nyingine. Sisi mara ya pili tulienda mchana, upepo ukaamka tukiwa katikati, shoga yangu alisali rozari nzima na yeye ni Mlutheri.

Hatua ya 6: mchana, msifanye kitu

Hii ndo hatua ngumu kuliko zote. Watu wamezoea ratiba, saa sita wanaanza kuuliza sasa tunaenda wapi. Hamuendi popote. Tandikeni kanga chini ya mwembe, kuleni ndizi za kuchoma, laleni.

Kuoga ni hapohapo kwenye mchanga penye maji safi yanayocheza. Msiende kuoga mto unapoingilia ziwani, mamba wanapenda huko, hili sio la kuuliza mara mbili, na kama hamjui sehemu muulizeni mwenyeji watoto wao wanaogea wapi. Msikae pia kwenye maji yaliyosimama yenye majani na matete, kichocho ndo kinakaa huko. Ukirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa ukaona mkojo una damu nenda kapime, dawa ipo. Kule Lyulilo kwenye mawe maji yanaonyesha mpaka chini, na mkiwa na miwani ya kuzamia mtaona samaki wadogo wa bluu na wa njano wanazunguka mawe, wale ambao wazungu wanawafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni.

Kama mmoja wenu ni mtu wa historia huu ndo muda wake. Mi huwa nasimulia ile ya manahodha wawili, maana inahusu marafiki. Wajerumani walikuwa na meli yao hapa ziwani, Hermann von Wissmann, ililetwa vipandevipande kwa mto Zambezi na Shire ikaungwa huku miaka ya 1890. Waingereza upande wa pili walikuwa na ya kwao, Gwendolen. Nahodha wa Kijerumani Berndt na wa Kiingereza Rhoades walikuwa wanajuana vizuri tu, wanakunywa pamoja wakikutana. Agosti 1914 vita ikaanza Ulaya, Rhoades akapata taarifa, mwenzake hajapata. Tarehe 13 Agosti Rhoades akaenda mpaka Sphinxhaven, ndo Liuli ya leo huko chini upande wa Ruvuma, akakuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, akaipiga mzinga. Berndt akatoka amepanda kimashua kidogo, anapiga kelele, amefura, anamuuliza mwenzake kama amelewa. Ndo akaambiwa kuna vita, akakamatwa hapohapo. Shoga yangu kila nikisimulia anauliza swali lilelile, je walikuja kunywa tena? Sijawahi kumjibu, namwambia lete ndizi.

Hatua ya 7: jioni

Tembeeni kijijini mguu kwa mguu, nunueni karanga. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia pande hizi miaka ya 1890 na alama zao bado zipo, kanisa, hospitali, majina ya watu. Jua linazama upande wa Malawi na ile milima nyuma yenu inageuka rangi ya kakao. Rudini kabla ya mbu. Chakula si mlishaagiza asubuhi? Haya.

Hatua ya 8: kurudi na chungu kizima

Hapa nina kidonda. Mara ya kwanza nilimkabidhi konda chungu changu akaniambia dada usijali nakiweka sehemu salama, sehemu salama ikawa chini ya gunia la mchele, kabla hatujafika Kikusya nikasikia *ka*, sauti ndogo tu, na nikajua. Konda akaniambia pole, kile chungu kilikuwa kibovu. Nikamwangalia tu.

Kwahiyo sasa nafanya hivi. Jumamosi hiyohiyo naomba majani makavu ya mgomba, nayajaza ndani ya chungu mpaka kinakuwa kigumu kama mpira. Naweka majani mengine chini ya beseni, chungu juu, nguo chafu pembeni kote kisitikisike, afu nafunga lote na kanga kwa juu kama bibi harusi. Beseni linakaa mapajani. Likikuchosha mpe rafiki yako, ndo maana mko wawili. Pandeni gari la mapema Jumapili mpate siti, na sweta iwe juu ya begi, mkifika Tukuyu mtaitafuta.

Nyumbani usikirukie na nyama siku hiyohiyo. Kioshe kwa maji matupu, kijaze maji usiku kucha. Kesho yake pika humo uji mwepesi, hata wa pumba, moto mdogo, acha uchemke taratibu mpaka uzito wake uingie kwenye vitundu vya udongo, afu acha kipoe chenyewe na umwage. Rudia siku ya pili. Baada ya hapo anza na maharage, moto wa mkaa wa chini, na usimimine maji ya baridi chungu kikiwa cha moto maana kitapasuka mbele ya macho yako. Cha shoga yangu kipo Iringa mpaka leo, kimekuwa cheusi chote chini, kila akipika anantumia picha na kuniuliza changu kiko wapi, anajua kabisa kiko wapi. Na sabuni ya maji usikiguse nayo, chungu kinainywa, utakula maharage ya limau mwezi mzima.